Doa la Katikati ya Runinga

Korea Kusini,
Jumamosi, baada ya sala ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Zuhura, hapo simama kidogo Mama aitikie, maana namjua, hawezi kuisikia shikamoo akainyamazia hata ikiwa imetoka kwenye karatasi. Haya, tuendelee. Assalamu alaykum wewe Mama na wote mliokaa hapo ukumbini. Hali yako? Mgongo je, na ule mguu unaokusumbua mvua zikikaribia? Kuku wamepona kideri? Nimesikia shangazi wa Fukayosi alileta gunia zima la mihogo na kwamba uliigawa karibu yote kabla haijafika jikoni. Hilo halikunishangaza.

Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu nalala nao na kuamka nao, navaa nao viatu. Lakini hayo nitayafikia.

Utajiuliza barua ya nini na kila Jumapili tunaongea. Nimeandika kwa sababu simu unaikimbia, Mama. Nikikuuliza jambo usilolitaka, unasema, "Huyu hapa Zuhura, mwulize yeye," simu imeshahama mkono. Karatasi haihami. Tena barua za marehemu baba, zile alizokuandikia alipokuwa kibarua bandarini Tanga, umezitunza kwenye kasha mpaka leo, na sijasikia umetunza simu ya mtu. Hii anakuja nayo Mtanzania mwenzangu anayerudi likizo. Ataiacha Magomeni kwa mjomba Seif, na mjomba ataileta Kaole kwa mkono wake, kwa sababu nina kazi naye. Zuhura mdogo wangu, soma taratibu, na usiruke mstari hata Mama akikwambia ruka.

Nianze na kazi, kwa sababu habari yote imeanzia huko. Nilipokwambia nimepata kazi kwenye runinga, uliwaambia majirani natangaza. Sitangazi, Mama. Kazi yangu ni kutazama kijivu. Kiwanda chetu kinatengeneza vioo vikubwa vya runinga, vingine vipana kuliko kitanda chako cha besera, vya aina isiyo na taa nyuma yake. Kila nukta ndani ya kioo inawaka yenyewe, na nukta hizo ni mamilioni. Umeme unaingia kingoni, kisha unasafiri mpaka katikati juu ya utando wa madini mwembamba sana. Lazima uwe mwembamba ili mwanga upite. Na kwa kuwa ni mwembamba, umeme unachoka njiani, na ukifika katikati nguvu imepungua. Huku wanaita kushuka kwa volteji. Kwenye kioo cha simu huoni kitu, safari ni fupi. Kwenye kioo kikubwa, ukijaza rangi moja kote, kingo zinang'aa na katikati panafifia. Mimi ndiye ninayepima. Nasimama chumba chenye giza, nimevaa nguo nyeupe toka utosini mpaka kidoleni, macho tu nje, natazama kijivu kutoka ukingo hadi ukingo na kuandika wapi pamefifia na kwa kiasi gani.

Wewe jambo hili unalijua bila kusoma chuo. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kwenye laini ya umeme, ukishapita magofu. Jirani wa mwanzo akiwasha pasi, wa pili friji, sisi taa yetu inageuka rangi ya chai. Ni hilohilo.

Na unakumbuka siku nilipokueleza shida hii kwa simu, mwaka jana? Ulinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani umesinzia, kisha ukaniuliza, "Kwani hilo jiko lenu lina mlango mmoja?" Nilicheka, lakini nilikuelewa. Nilikuona kwenye maulidi, umejifunga kanga kiunoni, unasimamia masinia. Wengine wakisimamia wao, sinia linaingia kwa mlango wa mbele, linapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu anajichotea, likifika kwa waliokaa katikati limebaki mfupa na iliki. Wewe unafungua mlango wa uani, unawapitisha wasichana wawili na masinia yaliyofunikwa, marufuku kufunua njiani, mpaka katikati ya mkeka. Huku wanafanya vivyo hivyo. Wanalaza nyaya nyembamba kuliko unywele chini ya ule utando, zimejificha kati ya nukta, zibebe umeme mpaka katikati bila kuonjwa. Kazi ngumu ni kutoboa kwa leza vitundu vya kuunganisha waya na utando. Kitundu kikibaki na uchafu, umeme haupandi. Sikubuni mimi njia hiyo, usije ukatangaza. Ila nimeielewa kwako kabla sijaielewa kwao.

Miezi yote hii tumekuwa tukitoboa vitundu. Vinafanya kazi leo, kesho havifanyi. Zamu ya muda wa saa kumi na mbili umesimama, siku sita kwa wiki, Jumapili peke yake ya kufua na kuongea nanyi. Macho yangu yameharibika tabia. Nikila wali naona upande uliofifia. Nikitazama dari, naona doa. Msikitini tunakosali Ijumaa, chumba kidogo juu ya duka la vyakula, nilijikuta napima zulia badala ya kusikiliza hotuba.

Sasa tuje kwenye runinga yako. Unajua nilivyoipata. Ilikuwa ya maonyesho pale kiwandani, wakaiuza kwa wafanyakazi, nikaisafirisha kwa meli, mdogo wangu Hamisi akaipokea Dar es Salaam na kuipandisha ukutani. Wiki chache baadaye, Jumapili, ukaniambia, "Mwanangu, runinga yako ina doa."

"Doa gani, Mama?"

"Hapa katikati pamefifia. Mtangazaji namwona mabega, namwona na ushungi, uso hana."

Mama, nilihisi kama umenitukana. Mtu nashinda nafukuza doa la katikati, halafu doa lenyewe limepanda meli likaja kukaa ukumbini kwa mama yangu. Nikamwita Hamisi. Nikamtumia picha ya kijivu aiweke kwenye kioo, nikamwuliza, je, doa unaliona? Akasogea karibu na kioo. Kisha akasema, "Lipo, kaka. Kwa mbali."

Basi mashahidi wamekuwa wawili, nikaamini. Nikasema kioo chenyewe hakina neno, ni umeme wetu wa mwisho wa laini. Nikamtuma Hamisi Bagamoyo mjini akanunue stabilaiza ya kusawazisha umeme. Nikakuuliza, ukasema doa lipo palepale. Nikamwambia abadilishe waya wote toka kwenye mita, aweke mnene. Akapanda darini na joto lile, akaweka. Doa lipo. Nikamwambia aibandue runinga ukutani aisogeze mbali na dirisha. Doa lipo. Nikawa mkali, Mama, namwomba radhi Hamisi mbele yenu nyote. Nilimwambia kazi yake ya kutembeza wageni magofuni imemfundisha kutazama mawe tu. Alinijibu, "Sawa, kaka," akapanda tena juu.

Miezi miwili na kitu tumekwenda hivyo. Kisha Jumapili moja, nilipokuwa nimeanza kusema habari za kubadilisha nguzo, ukanikatiza. Ukasema, "Acha, mwanangu. Doa limeondoka. Picha safi kabisa, mikono yako ina baraka." Nakuapia, sijafurahi vile tangu nije nchi hii. Nilisema moyoni angalau kioo kimoja duniani nimekiponya.

Na furaha hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Nilitaka kujisifu kazini. Nikamwomba Hamisi anitumie picha alizopiga za kile kijivu, za kabla na za baada. Za kabla alikuwa nazo kwenye simu tangu wiki ya kwanza. Siku ile bando lilikuwa limekwisha hakuzituma, na mimi sikudai, kwa kuwa neno lake lilinitosha. Alipozituma nikampelekea mkuu wetu, mama mmoja mtu mzima, jina lake Yun. Ndiye aliyenifundisha kupima. Si mwepesi wa kucheka. Akazitazama, akazipima, akaziweka upande kwa upande.

"Kioo hiki hakijawahi kuwa na doa," akasema. "Ya kwanza ni sawa na ya mwisho. Nani aliyeliona?"

Nikamwambia, "Mama yangu."

Yun akaziweka picha chini. Akaniuliza wewe Mama una umri gani, nikamwambia. Akavua miwani akaifuta, akasema mama yake mzazi naye alianza hivyo. Alilalamikia runinga, akafuata kulalamikia gazeti kwamba limechapwa vibaya, mwishowe akawa anawatambua wanawe kwa sauti. Doa halikuwa mahali popote pale. Lilikuwa ndani ya jicho, katikati kabisa, na kila alikotazama lilimtangulia.

Nilitoka nikaenda chumba cha kubadilishia nguo nikakaa chini. Kila kitu kilinijia kwa mara moja. Ule msala ulionitumia mwezi wa Rajabu, mzuri kama kazi zako zote, lakini kwenye ukanda wa tatu wa ukili zambarau imeingia mahali pa nyekundu, na mshono umekwenda upogo kama shibiri nzima. Mimi niliuona, Mama. Nalipwa kuona vitu hivyo. Nikasema Mama alikuwa na haraka, nikautandika nikasali. Wewe tangu nikiwa mdogo hujawahi kukosea ukili. Ulikuwa ukifumua mkeka wa watu kwa mstari mmoja ambao mwenye mkeka mwenyewe haoni.

Nikampigia Hamisi. Nikamwuliza mara moja tu, wewe doa uliliona? Akasema, "Hapana, kaka. Lakini Mama amesema lipo, mimi niseme halipo? Nimwambie Mama anaona mauzauza nyumbani kwake?" Kwa hiyo kapanda darini na kushuka, kabadilisha nyaya, kanunua stabilaiza, kwa doa ambalo hakuliona hata siku moja, kwa sababu ya heshima. Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Mimi ningekuwa hapo ningesema hivyohivyo.

Kisha nikampigia Zuhura. Zuhura, hapa najua sauti itakukatika, lakini soma. Alilia kwanza. Akaniambia unatia uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Kwamba umetia chumvi kwenye chai ya wageni ukageuza mzaha. Kwamba mtu akipita unangoja asalimie kwanza ndipo umtaje jina. Na kwamba ulimwapisha kwa msahafu asiniambie. Ulimwambia, "Shabani yuko mbali, ukimwambia utamtesa bure. Atafanya nini na yuko huko?" Usimkasirikie. Alinyamaza mpaka nilipomtajia mimi mwenyewe. Kiapo hakukivunja.

Na ile karatasi ya miraba aliyokuletea Zuhura baadaye, ya daftari la hesabu, yenye kitone katikati, akakwambia ni kipimo cha runinga nimekitaka mimi, hicho kilikuwa kipimo chako. Yun ndiye aliyenielekeza. Ulifumba jicho moja moja ukamwambia jicho la kulia linaona mistari imepinda na hapa katikati imeliwa, la kushoto imepinda kidogo tu. Tulikudanganya, tusamehe. Wewe nawe ulikuwa umetudanganya kwamba doa limeondoka.

Mama, najua kwa nini ulifanya. Ni desturi yetu, aliye mbali hapelekewi habari nzito. Baba alipofariki hospitalini Dar es Salaam, mimi nilikuwa jiji hilohilo kwenye mitihani, na hamkuniambia hata kwamba amelazwa. Mlimzika, mkakaa matanga, mkanipigia siku ya tatu mtihani wa mwisho ulipokwisha. Nikaja, nikasema mmefanya vyema, nisingeweza kufanya kitu. Leo nasema ukweli ambao sijausema miaka yote hii. Sikupenda. Nilifaulu mtihani ule na mpaka leo siwezi kukitazama cheti chake. Afadhali ningefeli nikiwa nimeshika jeneza. Usinifanyie tena, nakuomba kwa haki ya maziwa yako.

Ili tuwe sawa, na mimi natoa langu. Jumapili zote nilizokwambia nimenenepa, sijanenepa. Nakula wali na yai kwa sababu nyama ya kuchinjwa iko mbali na nikitoka kazini miguu haitaki kupanda basi. Mwezi uliopita nilianguka mlangoni mwa chumba cha kupimia, wakanilaza, wakanitundikia dripu mchana mzima. Nilikwambia mtandao ulikuwa mbovu. Haukuwa mbovu. Sasa unajua yangu nami najua yako.

Kioo chetu kimekubali. Jumatano iliyopita tuliwasha kile kikubwa kuliko vyote, kijivu kote, nikatembeza kipimo toka ukingo mpaka katikati, na katikati palikuwa sawa na kingoni, tofauti ndogo ambayo jicho la mtu haliwezi kuikamata. Vijana wakapiga makofi. Yun akatabasamu, jambo la kuandikwa. Mimi nilisimama pale mbele ya kioo kisichokuwa na doa nikaona aibu. Miaka yote hii naulizwa wapi pamefifia, na wewe uliniambia kwa mdomo wako mwenyewe wapi pamefifia, nikampandisha Hamisi darini.

Kwa hiyo sikiliza, Mama, maana hili ndilo nililoandikia. Mjomba Seif hakuja kutembea. Ameshazungumza na madaktari wa macho Dar es Salaam, na Jumanne asubuhi wewe na yeye na Zuhura mnaondoka. Nguo zako Zuhura azifunge leo. Mimi si daktari, huenda wakakuta jambo jingine. Lakini Yun ameniambia mama yake alichelewa mwaka mzima kwa kubishana na gazeti, na daktari akamwambia kilichokwisha kufa ndani ya jicho hakirudi, kinacholindwa ni kile kilichobaki. Wewe kushoto kumebaki kingi. Kila wiki ni nyingi.

Sitakuficha hata hili, ndiyo maana nimesema usirukwe mstari. Huenda wakasema dawa ni sindano, na sindano yenyewe ni ya jichoni. Nilipoambiwa nilishika meza. Wanatia ganzi kwanza. Mama yake Yun alisema kilichomsumbua zaidi ni kukaa foleni. Naogopa mimi zaidi yako, na wewe ndiye utakayelala pale.

Najua pia unachokiwaza na hukisemi. Baba alikwenda hospitali Dar es Salaam akarudi amefunikwa. Tangu siku ile ukipelekwa mbali kuliko zahanati unaona sanda. Baba alikwenda amechelewa, Mama. Alificha kifua miezi mingapi? Na nani alikuwa akimsema kila siku kwamba anaficha? Wewe.

Na kuna la pili. Unaogopa watu wakijua huoni vizuri watakuambia ukae. Hutasimamia masinia, hutasuka, utawekewa kiti na kuletewa chai. Nilimwuliza Zuhura, akaniambia vidole vyako vinasuka ukili kama zamani, kinachokupotea ni rangi tu. Basi rangi atakupangia yeye, kila moja kikapu chake, usuke. Masinia hujawahi kuyasimamia kwa macho. Ulikuwa ukiyasimamia kwa sauti, tulikuwa tukikusikia toka barabarani. Atakayekuambia ukae, mwambie angoje mpaka nimsikie mimi.

Ukisema utamngoja Shabani ndipo mwende, nakataa. Jumanne mwende. Usiningoje mimi kwa jambo hili.

Nisalimie Hamisi, fundi wangu asiye na kosa, mwambie stabilaiza abaki nayo, nyumba ya mwisho wa laini inaihitaji vyovyote iwavyo. Msalimie mjomba na umpe chakula kabla ya maneno. Shangazi wa Fukayosi mwambie mihogo yake naiota. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, kama bado anafundisha pale karibu na kisima, mwambie sijaacha kusoma, ila nasoma nikisinzia. Akina mama wenzako wa mikeka wote nawasalimu, na yule jirani wa mwanzo wa laini mwambie apige pasi yake mchana.

Yun amenifundisha jambo moja la mwisho, alilojifunza kwa mama yake. Mtu mwenye doa katikati asikitazame kitu usoni. Akitazame pembeni yake, kidogo tu, na kitu kitajitokeza chenyewe ukingoni mwa jicho, mahali ambapo bado pazima. Inataka mazoezi. Jaribu kwa Zuhura sasa hivi. Usimtazame uso, tazama sikio lake.

Sasa, kuhusu lile swali lako la kila Jumapili, kwamba nakuja lini. Sikulijibu humu ndani kwa sababu sitaki usomewe. Zuhura, ukimaliza mstari huu mpe Mama ukurasa aushike mwenyewe, umgeuzie nyuma, kisha unyamaze, na Hamisi naye anyamaze. Mama, katikati ya karatasi nimechora duara jeusi. Likazie macho. Likikupotea usilitafute, wala usihamishe macho. Ukingoni, upande wa juu, nimeandika neno moja kwa kalamu nene, herufi kubwa kama kidole gumba. Usilifuate. Tulia tu, litakuja lenyewe, na utalisoma wewe, si mtu mwingine.

Mwanao, anayekuombea kila akisujudu juu ya zambarau ile iliyokaa mahali pa nyekundu,

Shabani

Nyuma ya ukurasa, ukingoni, juu ya duara jeusi:

NAKUJA